Elimu kwa Umma: Betri ya Tochi Huchaguliwa kwa Herufi za Ubavuni, si kwa Rangi ya Ganda

Malalamiko mengi ya tochi ndogo "kuungua" au "kuoza ndani" yana chanzo kimoja: betri isiyofaa. Kabla ya kumlaumu muuza tochi, soma herufi ndogo zilizoandikwa ubavuni mwa betri.

Kwa saizi ya AA, R6 ni zinki na kaboni, LR6 ni alkalaini, HR6 ni ya kuchaji. Zote zinaingia tundu lilelile, lakini R6 hubeba takriban mAh (kipimo cha chaji inayobebwa na betri) 400 hadi 1,100, na LR6 1,800 hadi 2,800. R6 iachie saa ya ukutani na rimoti. Tochi inayowashwa kila usiku iwekee HR6. Hiyo huandikwa volti 1.2, na wapo wanaoirudisha dukani wakidai ni pungufu. Si pungufu: hushikilia volti hiyo karibu hadi mwisho, wakati LR6 huanza na 1.5 na kushuka tangu dakika ya kwanza. Tochi ya dharura inayokaa kabatini itunzie LR6, ila betri zikae nje ya tochi.

Angalia sana 14500. Umbo lake ni la AA, lakini ni lithiamu ya volti 3.7; ukiitia kwenye tochi ya betri moja ya volti 1.5, taa inaweza kuungua papo hapo. Na 18650, betri ya lithiamu ya kuchaji iliyo kubwa kuliko AA, ikiandikwa mAh 9,900 inadanganya, kwani nyingi kati ya zilizo bora huishia karibu 3,500.

Wapo wanaoanika betri juani ili ijichaji, lakini kuianika hakuichaji. Joto huamsha kemikali iliyobaki kwa muda mfupi tu. Kuigonga au kuing'ata ni kubaya zaidi. Kikopo cha R6 ni zinki, nayo huliwa kadiri betri inavyofanya kazi. Unapogonga, unapasua ukuta uliokwisha kuwa mwembamba, na majimaji humwagikia springi. Kuchanganya nzee na mpya nako huvujisha ile nzee. Unga mweupe wa LR6 ufute kwa pamba yenye siki kidogo, mikono ikiwa na glavu, kisha kausha kabisa.

Kuhusu malalamiko, kwa Tanzania: betri inayoiga nembo ya kampuni nyingine ni bandia, na hupelekwa Tume ya Ushindani (FCC) chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963. Isiyoiga nembo ya mtu lakini haifikii kiwango hupelekwa Shirika la Viwango (TBS). Haya mawili huchanganywa kila siku, na jalada linachelewa. Kokote unakopeleka lalamiko, nenda na risiti, pakiti yenye namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi, pamoja na betri ambazo hazijatumika kutoka pakiti hiyohiyo. Betri iliyokwisha chaji haiwezi kuonyesha ilianza na kiasi gani. Mzigo ukithibitika kuwa bandia hukamatwa na kuteketezwa, kwa hiyo muuzaji wa rejareja naye atunze risiti ya duka la jumla, maana ndilo swali la kwanza atakaloulizwa.