Kiraka cha tarakimu moja: dhana potofu kuhusu kupitia msimbo wa amri za dibaga

Siku moja niliombwa kupitia kiraka, yaani badiliko la msimbo linalosubiri kukubaliwa, ambacho, ukiondoa maelezo yake, kilibadilisha kitu kimoja tu. Dibaga (programu ya kuchunguza programu nyingine ili kutafuta makosa) tuliyokuwa tukiitunza ilisoma nambari ya kituo, yaani pale programu inapoamriwa kusimama, kwa mstari huu:

`n = strtoul(p, &mwisho, 10);`

Mwandishi alitaka uwe hivi:

`n = strtoul(p, &mwisho, 0);`

Hoja yake ilikuwa nzuri. Watumiaji walitaka kuandika `0x1f`, na ukiipa kizio (msingi wa kuhesabia) cha 10 funksheni hiyo ya C husoma sifuri, hukutana na x, huishia hapo. Ukiipa 0, inatambua yenyewe kama nambari ni ya kizio cha kumi, cha kumi na sita au cha nane. Majaribio yote yalipita. Wenzangu wawili walikuwa wameshaandika "sawa", na mimi kidole kilikuwa tayari kwenye kitufe.

Kabla ya kubofya nikaandika `delete 010`. Kabla ya kiraka, amri hiyo ilifuta kituo cha 10. Sasa ikafuta cha 8, kwa sababu katika C sifuri ya mwanzo ni alama ya mfumo wa nane. Nikajaribu `delete 089`. Tarakimu 8 haipo katika mfumo huo, kwa hiyo kilichosomwa ni 0, na "89" ikabaki inaning'inia bila wa kuiuliza. Nani anaandika 010? Binadamu, mara chache sana. Skripti inayochapa nambari kwa `%03d` ili safu zikae sawa, kila siku.

Tangu hapo, nikipewa kiraka kinachogusa uchanganuzi wa amri, yaani namna dibaga inavyosoma na kuelewa kinachoandikwa, nasikia dhana zilezile zikirudi, nyingine kutoka kinywani mwangu mwenyewe.

"Mistari ni michache, hatari ni ndogo"

Mistari ndiyo inayohesabika, ndiyo maana tunaipima. Lakini kichanganuzi cha amri ni sarufi ya lugha ambayo watu wameshaizoea vidoleni. Mstari mmoja ukibadilika, amri zilizokwisha kuandikwa kwenye faili ambazo hutaziona kamwe zinapata maana nyingine. Kwa upande wa pili, kiraka cha mistari mia nne kinachohamisha funksheni kutoka faili moja kwenda nyingine hukimaliza upesi kwa `git diff --color-moved`, inayopaka rangi tofauti mistari iliyohamishwa tu, kisha unaenda zako.

"Kuchanganua amri ni kukata maneno penye nafasi"

Hii ndiyo inayowaponza wengi, hasa wanaotoka kwenye programu za kawaida za mstari wa amri. Itazame nuktapacha peke yake. Katika `break main.c:10` inatenganisha faili na mstari. Katika `break Foleni::ongeza` ziko mbili, na ni sehemu ya jina la C++. Katika `break C:\kazi\main.c:10` ya kwanza ni ya diski ya Windows na ya pili ndiyo kitenganishi. Kiraka kinachosema "tafuta nuktapacha ya kwanza" kimekosea mara mbili kati ya tatu, na kinachosema "tafuta ya mwisho" bado kinakata jina la C++ katikati. Tena nafasi yenyewe si ya kutegemewa: katika `break hesabu if x == 3`, kila kilicho baada ya `if` ni cha lugha ya programu inayochunguzwa, na dibaga haina ruhusa ya kukikatakata.

Kistari kina vituko vyake. GDB, dibaga ya mradi wa GNU iliyoanzishwa na Richard Stallman mwaka 1986, siku hizi inakubali machaguo kwenye amri ya `print`, kwa mfano `-pretty`, na machaguo hayo yanaweza kufupishwa. Sasa `print -p` ina maana gani? Ni kigeu p kilichogeuzwa alama kuwa hasi, au ni chaguo la `-pretty`? Walichoamua ni kwamba, bila vistari viwili vya kufunga machaguo, ni usemi, yaani kitu cha kukokotolewa thamani. `print -p` huchapa thamani ya p iliyogeuzwa alama. `print -p --` hurudia thamani ya mwisho kwa mpangilio wa `-pretty`. Anayepitia kiraka cha kuongeza chaguo kwenye amri inayopokea semi anapaswa kuuliza swali hilihili kabla hajatazama mabano yamekaaje.

Halafu kuna pdb, dibaga ya Python, ambapo `;;` hutenganisha amri mbili kwenye mstari mmoja. Andika `print("a;;b")` nayo itakatwa palepale katikati ya alama za kunukuu, vipande viwili visivyo na maana. Mwongozo wake unakiri wazi kwamba hakuna ujanja wowote uliotumika katika kukata. Nikiri na mimi: uamuzi huo naupenda kuliko kichanganuzi kinachojifanya mwerevu. Kanuni butu iliyoandikwa mtu huizoea. Werevu unaofanya kazi mara tisa na kukuacha ya kumi hauzoeleki.

"Amri mpya haimgusi asiyeitumia"

Ingekuwa kweli kama watu wangeandika majina kamili. Hawaandiki. GDB hukubali kifupi chochote kisicho na utata, kwa hiyo kila amri mpya inapunguza vifupi vilivyo salama. Mtu aliyezoea herufi tatu kwa miaka anaamka anaambiwa kuna utata. Ndiyo maana vifupi vinavyotumika mno hutengewa nafasi: `s` ni `step`, hata kama amri zinazoanza na s ni nyingi.

Utata unaopigiwa kelele ni afadhali kuliko unaonyamaziwa. Mwongozo wa GDB una mfano ambao kila mpitiaji angefaa kuujua. Programu ina kigeu g chenye thamani 1. Mtumiaji anaandika `set g=4`. Hakuna kosa linaloonyeshwa. Anachapa g, bado ni 1. Kumbe `g` imesomwa kama kifupi cha `gnutarget`, mpangilio unaoiambia dibaga aina ya faili inayoisoma, na sasa mpangilio huo una thamani "=4". Mambo yanaharibika baadaye, programu inapoanzishwa upya, kwa ujumbe usiotaja g wala 4. Dawa inajulikana, kuandika `set var g=4`, lakini anayeijua ni aliyekwisha kuumia.

Kwa hiyo kiraka kikiongeza neno jipya chini ya `set`, napanga majina yote ya pale kwa alfabeti na kutazama majirani wa hilo jipya. Ni kazi ya dakika mbili.

"Mstari mtupu hauna cha kuchanganuliwa"

Katika dibaga nyingi, Enter bila neno lolote hurudia amri iliyopita. Ukitembea hatua kwa hatua ndani ya kitanzi ndicho kitufe unachokibonyeza kuliko vyote. Na kurudia si jambo la aina moja: `list` ikirudiwa huonyesha mistari inayofuata, `x` husogea mbele kwenye kumbukumbu, na `run` hairudiwi kabisa, kwa sababu kuirudia bila kukusudia kunaweza kuleta hasara.

Hapa ndipo kosa dogo la C hujificha. Tuseme mwandishi ameondoa mchanganuo wa mkono akaweka `strtok`. Msimbo unasomeka vizuri zaidi, nakubali. Ila `strtok`, funksheni ya C ya kukata maneno, huandika baiti ya sifuri, alama ya mwisho wa mfuatano, ndani ya mfuatano uleule unaousoma, mahali pa kitenganishi kinachofuata neno. Kama dibaga huhifadhi mstari wa mwisho katika bafa (sehemu ya kumbukumbu) hiyohiyo, `x/8xb anwani` inafanya kazi mara ya kwanza, na Enter inarudia `x/8xb` peke yake, anwani imepotea. Jaribio linaloendesha amri mara moja halitaliona hilo. Mpitiaji ataliona akibonyeza Enter mara mbili.

"Herufi ni herufi"

`isspace(*p)`, inayouliza kama herufi ni nafasi, inaonekana haina dhambi. Kwa C, funksheni hiyo inataka thamani inayotosha ndani ya `unsigned char` (isiyo hasi), au EOF, alama ya mwisho wa faili. Kwenye kompyuta ambazo `char` ina alama, yaani inaweza kuwa hasi, kila baiti ya UTF-8 iliyo nje ya ASCII (herufi za msingi za Kiingereza) ni nambari hasi, na hapo sheria imevunjwa. Linux ya x86 kwa kawaida huipa `char` alama, ya ARM haiipi, kwa hiyo msimbo uleule unaweza kupona kwako na kufa kwa mwenzako. Dai ubadilishaji wa aina kwenda `unsigned char`, usibishane sana.

"Anayeandika ni binadamu, akikosea atarekebisha"

Mara nyingi anayeandika ni kihariri, yaani programu ya kuandikia msimbo. GDB ina lugha maalumu ya kuzungumza na programu nyingine, yenye amri kama `-break-insert`, lakini kuna skripti nyingi zinazotumia amri za kawaida na kusoma majibu yake kwa maneno. Kwao ujumbe wa kosa ni sehemu ya mkataba. Ukibadilisha maneno ili yavutie, kuna kitu mahali fulani kilikuwa kinatafuta maneno ya zamani. Sisemi ujumbe mbovu usiguswe. Nasema badiliko hilo liwe kiraka chake chenyewe, lisijifiche ndani ya kiraka cha uchanganuzi.

Vilevile amri husomwa kutoka kwenye faili, na faili si lazima iwe yako. Folda ya mradi uliopakuliwa inaweza kuwa na `.gdbinit` yake, faili ya amri za kusomwa GDB inapoanza, na GDB ina amri ya `shell`. Ndiyo sababu ina orodha ya mahali salama, na haisomi tu kila faili inayoikuta. Kiraka kinachorahisisha usomaji wa faili hizo ni cha usalama hata kama mwandishi hakukiita hivyo.

"Lazima uwe bingwa wa dibaga ndipo upitie"

Mimi si bingwa. Ninachofanya ni kujenga dibaga mbili, ya kabla na ya baada, kisha nazilisha orodha ileile ya amri na kulinganisha majibu kwa `diff`. Orodha inakua kila mwaka: nambari yenye sifuri mbele, `-1` (ambayo `strtoul` huipokea bila kulalamika na kukurudishia nambari kubwa ajabu), alama ya kunukuu isiyofungwa, nafasi mwishoni, Tab badala ya nafasi, jina lenye koma ndani ya mabano ya kiolezo cha C++, mstari mtupu baada ya kila moja. Tahadhari moja ya GDB: kosa likitokea ndani ya skripti, mistari iliyobaki haitekelezwi. Ukiweka amri mbaya zote kwenye faili moja, utakuwa umejaribu ya kwanza tu. Mimi naziendesha moja moja kwa `-batch -ex`. Usisahau kubonyeza Tab pia, kwa sababu ukamilishaji wa majina mara nyingi una mchanganuo wake pembeni, na mwandishi wa kiraka amerekebisha mmoja kati ya miwili.

Ukipata kitu, kiandike kama ingizo na jibu. "Hii itavunja watu" huzaa mabishano ya siku tatu. Kwenye kile kiraka cha tarakimu moja niliandika: "`delete 010` ilifuta kituo cha 10, sasa inafuta cha 8. `delete 089` inasomwa kama 0. Imekusudiwa?" Mwandishi alijibu baada ya robo saa kwamba hapana. Akarudisha kizio cha 10, akatumia 16 pale tu ingizo linapoanza na `0x`, akakataa chochote kinachobaki baada ya `mwisho`, na kuongeza majaribio matatu. Kiraka kilikua kutoka mstari mmoja hadi kumi na tisa, kikaunganishwa jioni hiyohiyo.