Neoni na mvua havitoshi kuunda mji wa saibapanki

Wengi hudhani ukitandaza taa za neoni za waridi na samawati, ukanyesha mvua usiku kucha, mji wa gemu tayari ni wa saibapanki, yaani mtindo wa hadithi za wakati ujao wenye teknolojia ya juu na maisha duni. Hapo umepata rangi tu. Kiini ni teknolojia mpya iliyopachikwa juu ya majengo chakavu, na pengo kati ya matajiri wa ghorofani na wanaobanana chini.

Tazama Kowloon Walled City, mtaa uliosongamana wa Hong Kong, iliyobomolewa 1993 hadi 1994. Watu wapatao 33,000 waliishi kwenye hekta 2.6 hivi, na mabomba na nyaya zilitapakaa vichochoroni kwa sababu ziliongezwa kidogo kidogo. Kwa hiyo anza na jengo la kawaida, kisha ongeza vyumba vya kubandika, mabomba, viyoyozi; mabango yaje mwisho. Kila waya utoke mahali na ufike mahali, la sivyo ni pambo tu, na mchezaji huligundua upesi.

Mabango yote yakiwaka kwa nguvu moja, jicho halijui litue wapi. Lami nayo: ukwaruzo (kipimo cha gemu cha 0 hadi 1 kinachoonyesha uso ni laini au mkavu kiasi gani) ukikaribia 0 kila mahali, barabara inageuka kioo. Madimbwi yawe karibu 0.1, lami kavu 0.8.

Kipimo kizuri cha mji wako ni kuzima mvua na kuwasha jua la saa sita. Night City ya Cyberpunk 2077, gemu la 2020, ina mchana mkali wa Kalifonia, na bado unaona kampuni zimemeza kila kitu.