Je, wajua kwa nini waya wa ubongoni hauamshi hamu ya kula kwa mgonjwa wa anoreksia, ule ugonjwa wa akili wa kujinyima chakula kwa hofu ya kunenepa?

Ukisikia mtu katobolewa fuvu akawekewa waya kwenye ubongo ili aanze kula, unawaza basi madaktari wamewasha swichi ya njaa, akitoka thieta tu ataomba sahani ya wali. Wala, sio hivyo kabisa.

Anoreksia sugu sio kwamba mtu hasikii njaa. Wengi wanaisikia vizuri tu, shida ni kwamba kila tonge linakuja na hofu, hatia na mawazo ya unene yasiyokatika usiku na mchana, na kutokula ndo kunakowatuliza. Kwa hiyo timu ya madaktari wa upasuaji wa ubongo kina Andres Lozano na Nir Lipsman kule Toronto, Kanada, haikuhangaika na sehemu ya njaa, ililenga kaeneo kadogo ndani ya ubongo wa mbele kanakohusika na huzuni na hisia, kalekale ambako Toronto walishakajaribu kwa wenye sonona isiyosikia dawa.

Yanatobolewa matundu mawili, elektrodi (waya wa kupitisha umeme) nyembamba moja kila upande, halafu waya unapita chini ya ngozi nyuma ya sikio, unashuka shingoni mpaka kwenye betri iliyofukiwa kifuani chini ya mtulinga. Inapiga umeme mdogo mara 130 kwa sekunde, hata ukiwa umelala.

Sasa je, inasaidia? Ripoti yao ya 2013 ilikuwa na wagonjwa 6, baada ya miezi 9 watatu tu ndo uzito wao ulikuwa umepanda kuzidi ule waliozoea kuwa nao kabla ya upasuaji. Ya 2017 ilikuwa na 16, watu waliougua kwa wastani wa miaka 18 na matibabu mengine yote yamegonga mwamba, na ndani ya mwaka BMI yao (kipimo cha uzito kulingana na urefu) ikatoka wastani wa 13.8 ikafika 17.3. Ni hatua kubwa jamani, ingawa mtu mzima anahesabiwa ana uzito wa kutosha kuanzia 18.5, kwa hiyo bado ni wembamba. Kilichonivutia mimi ni mpangilio wake: wasiwasi na huzuni vilianza kupungua mapema, uzito ukaja kufuata miezi kadhaa baadaye, maana waya haulishi mtu, unampunguzia ile hofu ili matibabu ya kawaida na chakula chenyewe vipate pa kupita.

Ila tusishangilie sana, kila mgonjwa alijua kifaa kinawaka na hapakuwa na kundi la kulinganisha nalo, na wawili kati ya wale 16 waliomba kizimwe au kitolewe.

Hapo angalau kuna cha kuzima. Shanghai, hospitali ya Ruijin, mbali na waya madaktari wanafanya pia upasuaji wa kuunguza nyuzi fulani za ubongo kwa wagonjwa waliozidiwa, uzito unapanda kweli kwa wengi, lakini kilichoungua hakirudi.