Rangi Haikuwa Feki: Dhana Potofu Kuhusu Plastiki za Ndani ya Gari

Mwezi uliopita mteja mmoja aliingia karakanani kwangu hapa Tabora akiwa amekumbatia vipande vinne vya plastiki, vile vya kizingiti cha mlango ambavyo abiria huvikanyaga anapopanda gari, na kabla hata hajaketi akasema, "Fundi, yule wa dukani kaniuzia rangi feki." Alikuwa amevipaka mwenyewe nyumbani, vikapendeza kwa siku chache, kisha vikaanza kubanduka. Mashitaka ya namna hiyo nimeyasikiliza mara nyingi mno mwaka huu, na kwa kuwa nimechoka kuwatetea wenye maduka mmoja mmoja, utetezi wao nauandika hapa kwa pamoja.

Rangi mbovu zipo madukani, sikatai, lakini rangi mbovu hujitambulisha kwa njia zake: hupauka upesi, huendelea kunata siku nyingi baada ya kupakwa, au hutoka kama chokaa ukiifuta kwa kitambaa. Vipande vya mteja wangu havikuwa na dalili hata moja kati ya hizo. Nilipenyeza ukucha pembeni, rangi ikainuka na kubanduka kama ganda la kitunguu, nami nikaligeuza lile ganda kwenye mwanga: upande wake wa chini ulikuwa laini na unang'aa, na plastiki iliyobaki ilikuwa safi kana kwamba haijawahi kupakwa chochote. Rangi inayotoka kwa mapande makubwa namna hiyo imeshikana yenyewe kwa yenyewe barabara. Kilichokosekana ni cha kuishikisha chini.

Nilipokigeuza kipande chenyewe, nyuma yake palikuwa na herufi PP kati ya vimshale viwili. Hiyo ni polipropilini, na hapo ndipo kesi yote ilipoishia. Watu huzungumzia plastiki ya gari kana kwamba ni kitu kimoja, ilhali ndani ya gari moja hukosi aina mbili au tatu. Ile iliyoandikwa ABS, ambayo mara nyingi huizunguka redio na gia, huipokea rangi vizuri ikiwa imesafishwa na kupigwa msasa mwepesi. Polipropilini, ambayo hutumika sana kwenye vizingiti, nguzo zinazoshika paa na sehemu za chini za milango, ina uso usiopenda kulowana. Maji hujikusanya matone juu yake kama kwenye jani la mgimbi, na rangi nayo hukaa juu bila kuingia popote. Ikiwa maandishi hayaonekani, piga msasa kidogo mahali pasipoonekana: ABS hutoa unga, polipropilini hutoa manyoya.

"Lakini nilipiga praima, fundi," aliniambia, kwa uchungu wa mtu anayeonewa. Praima, yaani rangi ya msingi inayotangulia, aliyoipiga ilikuwa ya bati. Praima ya bati kwenye polipropilini ni tabaka la kwanza tu la kubanduka. Kinachotakiwa ni ile dawa ya kushikisha rangi kwenye plastiki, ambayo kwa kawaida haina rangi, hupulizwa nyembamba, na hufuatiwa na rangi ndani ya muda ulioandikwa kwenye kopo. Ukiipuliza asubuhi ukaenda shambani na kurudi jioni, umeitupa.

Kosa la pili katika kesi hiyo hiyo lilikuwa polishi. Wenye magari wa mji huu, kwa sababu ya vumbi letu la kiangazi, hupaka polishi ya dashibodi karibu kila wiki, na polishi nyingi za aina hiyo zina silikoni. Mtu akianza na msasa kabla ya kuosha, huisukuma silikoni ndani ya mikwaruzo, kisha rangi ikipulizwa hujitenga na kuacha vishimo vya mviringo ambavyo sisi mafundi huviita macho ya samaki. Kwa hiyo sabuni ya vyombo na maji ya vuguvugu hutangulia, mara mbili, kwa brashi ya meno kwenye pembe na mistari. Msasa wa namba 400 hadi 600 hufuata, na mwisho kitambaa kisichoacha nyuzi chenye dawa ya kuondoa mafuta. Nasisitiza brashi ya meno hata kama vijana wangu wa karakana hunicheka.

Wapo wanaoamini kwamba petroli husafisha kuliko sabuni. Petroli huacha mafuta yake, huwaka, na, kama ilivyo thina, inaweza kuilainisha au kuipasua ABS. Wapo pia wanaoamini kwamba tabaka moja zito huokoa muda. Tabaka hilo hutiririka, na kwenye plastiki yenye vinyweleo mfano wa ngozi huvifukia vyote. Pulizeni nyepesi tatu, kwa umbali wa sentimita 20 hadi 30, nje kwenye kivuli na mkiwa na barakoa ya kuzuia mvuke, si leso.

Kuhusu dashibodi kung'aa kama kiatu kipya, mimi hukataa kazi hiyo. Uso unaong'aa hujiakisi kwenye kioo cha mbele, na jua la saa tisa alasiri kwenye barabara ya kwenda Nzega halimwachii dereva nafasi ya kubahatisha. Kifuniko cha eabegi, ule mfuko wa hewa unaofumuka gari likigonga, nacho hakiguswi na rangi yoyote, kwa kuwa kimetengenezwa kipasuke mahali maalumu, na rangi inaweza kuingilia mpasuko huo au kuruka vipande usoni.

Mwisho ni hii haraka ya kufunga vipande garini. Rangi isiyonata kidoleni baada ya nusu saa bado haijakomaa. Nyingine huhitaji siku kadhaa, na kizingiti kinachokanyagwa huhitaji subira zaidi kuliko nguzo. Vile vinne vya mteja wangu nilivivua rangi yote, nikavipaka upya, na nikavitundika kwa waya karakanani kwa siku saba, huku yeye akipiga simu kila jioni kuuliza kama havijakauka tu.