Je, wajua kwa nini mita husoma volti 12 ilhali taa ya pikipiki haiwaki?

Taa ya mbele ya pikipiki ya zamani imekataa kuwaka. Fundi anaichomoa balbu, anaweka ncha za mita kwenye soketi na kuona volti 12 na ushei. "Umeme unafika," asema, na mwenye chombo anatumwa Mwembe Tayari, hapa Mombasa, akanunue balbu. Balbu mpya nayo haiwaki. Inalaumiwa swichi, kisha rektifaya (kile kifaa kinachogeuza umeme wa injini uweze kuchaji betri), kisha betri. Jioni pesa za unga zimeishia kwenye spea, na kosa halijaondoka pale lilipokuwa: ndani ya kiungo kimoja cha waya kilichooza.

Mita haikudanganya. Iliulizwa swali lisilofaa.

Mita za kidijitali zina ukinzani, yaani uzuiaji wa umeme usipite, mkubwa mno, kwa kawaida omu (kipimo cha ukinzani) milioni 10 hivi, kwa hiyo zikipima volti hazivuti karibu chochote. Umeme mdogo kiasi hicho hupita hata kwenye uzi mmoja wa shaba uliosalia, hata juu ya kutu, na volti zote 12 zikaonekana upande wa pili. Ni kama bomba la maji lililoziba kwa uchafu: bilula ikiwa imefungwa, kipimo cha shinikizo huonyesha maji tele, lakini ukiifungua, yanadondoka. Balbu ya wati 35 ni bilula iliyofunguliwa. Huvuta mkondo wa takriban ampia 3, na hapo ndipo kiungo kibovu hujulikana. Kikiwa na ukinzani wa nusu omu tu, ampia 3 zikipita volti 1.5 hupotelea pale pale. Balbu inabaki na 10.5. Huenda ukadhani hasara hiyo ni ndogo, lakini mwanga wa balbu ya uzi hushuka kwa kasi kuliko volti: kwa upungufu huo, zaidi ya theluthi moja ya mwanga imekwenda. Ukinzani ukifika omu kadhaa, uzi wa balbu hupata wekundu tu, au haupati kitu.

Kwenye vyombo vya volti 6, kama zile Honda C50 za zamani, mambo ni mabaya zaidi. Balbu ya wati zilezile huvuta mkondo maradufu, na kila volti inayopotea ni sehemu kubwa zaidi ya kile kidogo kilichopo.

Sasa, kwa nini tatizo hili linatuandama sana sisi wa Mombasa? Upepo wa bahari hubeba chembe za chumvi, na chumvi ya kawaida ina tabia ya kunywa unyevu. Hewa ikifika unyevu wa asilimia 75 hivi, chembe ya chumvi huanza kuyeyuka yenyewe ikawa tone la maji ya chumvi, bila mvua kunyesha. Chumvi ya bahari ina madini mengine, hasa ya magnesi, yanayonywa unyevu hata hewa ikiwa kavu zaidi. Usiku wa Mombasa hufika kiwango hicho mara nyingi. Kwa hiyo pikipiki iliyolala nje Likoni au Mji wa Kale huwa inaloweshwa viungo vyake vya waya hata kiangazi. Maji hayo huingia kwenye ncha ya waya, yakanyonywa katikati ya nyuzi za shaba na kutambaa chini ya gamba la plastiki. Nje waya ni mzima. Ndani shaba imegeuka kijani au nyeusi.

Liko na jambo jingine tunalojifanyia wenyewe. Visima vingi vya kisiwani vina maji ya chumvi, na pikipiki huoshwa kwayo, tena kwa mashine ya shinikizo inayoelekezwa kwenye swichi za usukani. Anayeweza kupata maji baridi, yasiyo na chumvi, ya kusuuza mwishoni, hata ndoo moja, amekipunguzia chombo chake maradhi.

Namna ya kupima basi ni hii, na ningependa kila mwendesha boda aijue kabla ya kufungua pochi. Acha balbu mahali pake, washa taa, mkondo upite. Geuza kitufe cha mita hadi kwenye volti za betri (DC). Ncha moja igusishe nguzo ya hasi ya betri yenyewe, ile risasi, si kibanio cha waya. Ncha ya pili igusishe waya wa hasi unaotoka kwenye balbu. Kinachoonekana kwenye mita ni volti zinazopotea njiani wakati wa kurudi. Njia nzuri huonyesha 0.1 au 0.2. Ukiona volti 1 nzima, umeshampata mwizi, na bado hujanunua kitu. Kisha fanya hivyo upande wa chanya: nguzo ya chanya ya betri hadi chanya ya balbu. Njia hii ni ndefu, ina fyuzi, swichi ya ufunguo, swichi ya taa na viungo kadhaa, kwa hiyo nusu volti kwa jumla si ajabu kwenye pikipiki yenye umri. Ikizidi hapo, sogeza ncha ya mita kiungo kwa kiungo ukirudi nyuma. Mahali namba inaposhuka ghafla, kosa liko kwenye kipande ulichokiruka.

Nimeanza na hasi kwa makusudi. Mafundi wengi hufuata chanya na kusahau kwamba kila umeme unaokwenda sharti urudi. Pikipiki nyingi za zamani hurudisha umeme kupitia bodi yenyewe, yaani fremu ya chuma, kwa waya mmoja mfupi uliofungwa kwa bolti. Bolti ikishika kutu, au bodi ikipakwa rangi upya bila kukwanguliwa pale, dalili zake hushangaza: unawasha indiketa na taa ya nyuma nayo inapepesa, unakanyaga breki na dashibodi inafifia. Umeme uliokosa njia yake unapita kwenye balbu za jirani kurudi nyumbani. Ukiona taa mbili zinasumbuana namna hii, usiguse swichi. Tafuta bolti ile.

Stata, ile mota inayowasha injini, ndiyo huonyesha ubaya wa kiungo kuliko kitu chochote, kwa sababu mkondo wake ni mkubwa. Tuseme inavuta ampia 60 na waya wake mnene una ukinzani wa omu 0.05 tu, kiasi ambacho mita ya kawaida haikioni vizuri. Volti 3 zinapotea, na wati 180 zinageuka joto. Ndiyo maana, baada ya kujaribu mara chache, ukipapasa vibanio kwa tahadhari, kile kibovu ndicho chenye moto. Pima nguzo za betri huku stata ikizunguka: zikianguka chini ya volti 9.5, betri imechoka au haijachajiwa. Zikibaki 11 na stata inapata 8, betri haina hatia.

Betri iliyopumzika na kujaa husoma 12.6 au zaidi. Injini ikiwa kwenye mwendo, tarajia kati ya 13.5 na 14.5. Ikipita 15, regyuleta, kizuizi cha volti, haizuii tena na itachemsha betri. Ikikaa chini ya 13, pima kwanza upotevu kati ya rektifaya na betri kabla ya kununua rektifaya. Na kumbuka injini ikiwa sailensa, yaani ikinguruma taratibu bila kukanyagiwa mafuta, huchaji kidogo sana. Foleni ya feri, taa imewaka, simu inachajiwa, redio inaimba: betri inatoa kuliko inavyopokea, bila kifaa chochote kuharibika.

Fyuzi inayokatika kila mara inahitaji ujanja mwingine. Tafadhali usiweke kipande cha waya badala yake. Pikipiki huungua hivyo. Zima kila kitu, toa fyuzi, na mahali pake unga balbu ya breki ya wati 21. Washa ufunguo. Balbu ikiwaka kwa nguvu, shoti ipo. Tikisa nyaya taratibu, chomoa kiungo kimoja kimoja, mpaka izime. Anzia chini ya usukani, maana nyaya hupindwa pale kila kona mpaka gamba linachubuka.

Ukishapata mahali penye ugonjwa, fungua waya wa hasi wa betri kwanza, ili spana ikigusa bodi usizue cheche. Kata waya mpaka ufike shaba inayong'aa. Shaba nyeusi haishiki risasi ya kuchomelea, na tepu nyeusi juu yake huficha tu uozo. Bana kichwa kipya, kwangua bodi kwa msasa, kaza bolti, kisha upake vaselini juu ya kiungo kizima ili chumvi isipate pa kukaa. Unganisha betri, washa taa, na urudie kipimo kilekile cha hasi. Ikisoma 0.2 au chini, rudisha kiti mahali pake.