Je, wajua kwa nini watafiti huhesabu madume wa mnyoo ili kujua kama kromosomu ziko salama?

Mnyoo Caenorhabditis elegans ana urefu wa milimita moja hivi, mwili wake unapenya mwanga, na akilelewa maabara hulishwa bakteria. Karibu wote ni huntha: mmoja ana mayai na mbegu za kiume mwilini mwake, hujirutubisha mwenyewe na huzaa watoto wapatao 300. Dume huzaliwa kwa nadra mno, mmoja au wawili katika kila elfu. Mtafiti akikuta sahani imejaa madume, hana haja ya kuuliza sana. Kuna jeni imeharibika, na kromosomu zinapotea.

Sababu iko kwenye kromosomu ya X. Huntha anazo mbili, dume anayo moja, na kromosomu ya Y haipo kabisa katika spishi hii. Kwa hiyo mtoto wa huntha aliyejirutubisha hawezi kuwa dume ila X moja iwe imepotea wakati mayai au mbegu zilipokuwa zikitengenezwa. Na dume hafichiki: mkia wake ni mpana na butu, wa huntha umechongoka. Kosa lililotokea ndani ya seli moja, kwenye kitu kisichoonekana kwa macho, linakuja kuonekana siku chache baadaye kwa darubini ya kawaida.

Mwaka 1979 Jonathan Hodgkin, Robert Horvitz na Sydney Brenner walichapisha orodha ya minyoo waliobadilika jeni na kuzaa madume kupita kiasi. Jeni hizo ziliitwa him, kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya kutokea kwa madume wengi. Mnyoo mwenye him-8 iliyoharibika huzaa madume zaidi ya theluthi ya watoto wake.

Lakini kuhesabu madume peke yake ni nusu ya kazi. Mnyoo huyu ana jozi sita za kromosomu. Akikosa X moja anaishi, tena vizuri tu. Akikosa kromosomu moja ya zile jozi tano nyingine, kwa kawaida hufa akiwa bado kwenye yai. Kwa hiyo mayai yasiyoanguliwa huhesabiwa pia, na hesabu mbili zikiwekwa pamoja husema mengi. Katika him-8 madume ni wengi na mayai yaliyokufa ni machache: tatizo liko kwenye X tu, na kweli protini ya jeni hiyo hushika ncha moja ya X ili jozi yake itambuane na kukaa pamoja. Jeni nyingine, spo-11, ikiharibika, karibu mayai yote hufa, na miongoni mwa wachache wanaoanguliwa madume ni wengi. Hapo kromosomu zote zinapotea njia, kwa sababu protini ya SPO-11 ndiyo inayokata DNA makusudi ili kromosomu za jozi zibadilishane vipande na kushikamana. Sijui mbinu nyingine ya jenetiki inayotoa habari nyingi namna hii kwa gharama ndogo hivi.

Tumezungumzia utengenezaji wa mayai na mbegu. Mgawanyiko wa kawaida wa seli una hatari yake pia. Kabla ya kugawanyika, seli hunakili DNA yake, kila kromosomu ikawa na nakala mbili zilizofungamana. Nyuzi za protini hutoka pande mbili za seli na kuzishika, nakala moja ivutwe huku na nyingine kule, kisha kifungo kinakatwa. Kikikatwa mapema, kromosomu moja ikiwa bado haijashikwa, seli moja itapata ziada na nyingine itapungukiwa. Kinachozuia hilo ni kituo cha ukaguzi, yaani kundi la protini zinazokusanyika kwenye kromosomu ambayo bado haijashikwa na kutoa ishara ya kusubiri. Ishara hiyo huchelewesha kukatwa kwa kifungo, na kromosomu moja tu iliyobaki nyuma inatosha kuitoa.

Jeni za ukaguzi huu ziligunduliwa mwaka 1991 kwenye hamira, si kwenye mnyoo. Ajabu ni kwamba hamira iliyonyimwa jeni hizo huishi bila shida kubwa, ilimradi isipewe dawa ya kuvuruga nyuzi. Basi swali likawa: je, mnyama anazihitaji? Mwaka 1999 Risa Kitagawa na Ann Rose walizima jeni mbili za mnyoo zinazofanana na zile za hamira, mdf-1 na mdf-2. Bila mdf-1, kromosomu zilivurugika, X zilipotea, viungo vya uzazi havikukua sawasawa na viinitete vilikufa. Ukoo wa namna hiyo huenda vizazi vichache tu, kisha unakatika. Hamira ni seli moja na ina kromosomu fupi, mnyoo ana mamia ya seli za kujenga. Uwezekano wa angalau moja kuteleza ni mkubwa zaidi.

Ukaguzi wa pili hutazama DNA yenyewe, kama imekatika au imenakiliwa vibaya. Katika huntha aliyekomaa seli za mwili, 959 kwa idadi, hazigawanyiki tena. Zinazoendelea kugawanyika ni zile za uzazi. Ukizipiga mionzi, zilizo kwenye mgawanyiko wa kawaida husimama na kuvimba, na zilizokwisha kuanza kuelekea kuwa mayai hujiua. Kujiua huko huamriwa na cep-1, ndugu wa p53, jeni inayojulikana sana kwa kuharibika katika saratani za binadamu. Kuna pia dog-1: ikikosekana, sehemu za DNA zenye herufi G nyingi mfululizo hufutika. Jeni ya binadamu inayofanana nayo, FANCJ, inahusika na anemia ya Fanconi, ugonjwa wa kurithi wa upungufu wa damu.

Mtu angedhani basi kiinitete kichanga kingelindwa kuliko seli nyingine zote. La. Katika migawanyiko ya mwanzo, ukaguzi wa madhara ya DNA hunyamazishwa. Yai likigawanyika mara ya kwanza hutoa seli kubwa, AB, na ndogo, P1, na AB hutangulia kugawanyika tena kwa dakika mbili hivi. Sehemu ya kuchelewa kwa P1 hutokana na protini za ukaguzi zenyewe, ATL-1 na CHK-1, ambazo hapa zinapanga muda. Pengo hilo likivurugika, vitu vinavyoiambia seli iwe ya uzazi huishia mahali pasipo pake, na mnyoo anaweza kukua akiwa tasa. Kusubiri kukarabati DNA kungeleta hasara ileile ambayo ukarabati ulikusudiwa kuizuia.

Ukaguzi wa kwanza, ule wa nyuzi, haunyamazishwi, ila katika kiinitete huchelewesha kwa dakika chache tu, tena si kwa usawa. Makosa ya AB huisha na mnyoo mwenyewe akifa. Ya P1, ambayo kwenye ukoo wake ndimo zitakamotoka seli za mayai na mbegu, yanaweza kurithiwa. Nyuzi zikiharibiwa, P1 husubiri zaidi kuliko AB. Kwa sehemu ni kwa kuwa ni ndogo, na ndani ya seli ndogo ishara ya kusubiri hukolea, lakini hata ukilinganisha seli za ukubwa mmoja, zile za ukoo wa P1 bado hukawia zaidi.