Mafua Yetu, Kifua cha Sokwe: Kirusi Kinavyotumia Protini za Mwenyeji

Anayetaka kuwafuata sokwe wa Gombe, kaskazini mwa mji wa Kigoma, asiende akiwa na mafua. Wapo wageni wanaonung'unika wakizuiwa, maana wameshalipa na boti imeshawafikisha. Sababu ya katazo hilo, hata hivyo, imo ndani ya seli zetu na za sokwe.

Mwaka 2013 huko Kanyawara, katika Hifadhi ya Kibale nchini Uganda, sokwe 5 wa kundi lenye sokwe 56 walikufa kwa ugonjwa wa kifua. Vipimo vilionyesha rinovirusi C, kirusi ambacho kwa mtu mzima wa Ujiji au Kasulu kwa kawaida huishia kwenye chafya na kamasi za siku chache.

Tuanze na udogo wa kirusi chenyewe. Rinovirusi ina uzi wa RNA (kemikali inayobeba maelekezo ya urithi) wenye herufi zipatazo 7,200, na humo mna maelekezo ya protini 11 tu. Binadamu ana jeni zipatazo 20,000 za kutengenezea protini. Kirusi hakina ribosomu (mitambo ya seli ya kutengenezea protini) wala nishati yake. Ni fundi cherehani anayekuja na ruwaza ya karatasi mkononi. Cherehani, kitambaa na uzi vyote atavikuta kwako.

Kwanza lazima kiingie. Rinovirusi C hujishika kwenye protini iitwayo CDHR3, inayokaa juu ya seli zenye vinyweleo vya kusukuma kamasi. Kazi hiyo ya CDHR3 ilitambuliwa mwaka 2015. Protini hii haifanani kwa watu wote: katika nafasi ya 529 ya mnyororo wake wa viungo viitwavyo amino asidi, wengi wetu tuna sisteini, wengine wana tirosini. Penye tirosini, CDHR3 hujitokeza kwa wingi zaidi juu ya seli, kirusi kikapata pengi pa kushika, na watoto wenye aina hiyo huelekea zaidi kubanwa na pumu kali. Sokwe wa Kanyawara waliopimwa wote walikuwa na tirosini. Kinga nayo ina sehemu yake, kwa kuwa sisi tumekutana na mafua tangu utotoni na wao hawajazoea, lakini tofauti ya kiungo kimoja katika protini moja si jambo dogo.

Kikishaingia, RNA yake husomwa na ribosomu zetu kana kwamba ni agizo la seli yenyewe. Kisha kinafanya hila ambayo mimi naiona kubwa kuliko zote. Kimeng'enya chake, 2A, hukata protini yetu eIF4G, ambayo seli huihitaji ili ianze kusoma maagizo yake. Kirusi kina njia yake ya pembeni, hivyo ribosomu zinaendelea kufanya kazi, ila sasa zinamtumikia mvamizi. Wakati huohuo protini nyingine yetu, PI4KB, huvutwa ili isaidie kujenga vijitando ambako nakala mpya za RNA hutengenezwa.

Mwaka 2019 watafiti walieleza protini nyingine ya seli zetu, SETD3. Ikikosekana, rinovirusi na ndugu zake, akiwemo polio (aliyewahi kuwapiga sokwe wa Gombe mwaka 1966), hushindwa kuzaliana ndani ya seli. Ugunduzi huo unavutia kwa sababu aina za rinovirusi ni zaidi ya 150 na chanjo ya kuzifikia zote haijapatikana. Lakini SETD3 haikuwekwa mwilini kwa ajili ya kirusi. Panya majike wasio nayo hupata shida kujifungua, kwani misuli ya mji wa mimba inaihitaji. Dawa za majaribio za kuzuia PI4KB nazo ziliwadhuru panya. Hadi leo hakuna dawa iliyoidhinishwa ya kuua rinovirusi.

Hapa ndipo ninapogombana na wanaokwenda duka la dawa muhimu kuomba amoksilini, ambayo ni antibiotiki, kwa ajili ya mafua. Amoksilini huvuruga ukuta wa bakteria, na kirusi hakina ukuta huo. Azithromaisini, antibiotiki nyingine, huzuia ribosomu za bakteria na kuziacha za binadamu, yaani zilezile ambazo kirusi kinazitumia.

Mafua ya kawaida yanataka maji ya kutosha, mapumziko na parasetamoli kama kuna homa. Kwa mtoto, hesabu pumzi zake kwa dakika nzima akiwa ametulia. Pumzi 60 au zaidi kwa mwenye umri chini ya miezi 2, 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 11, na 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi asiyetimiza miaka 5, mpeleke zahanati siku hiyohiyo. Kifua kikibonyea anapovuta hewa, au akishindwa kunyonya, usisubiri hata kuhesabu. Huenda nimonia ya bakteria imeingia juu ya mafua, na hapo mganga ndiye atakayeamua kama antibiotiki inahitajika.